Naomba ushauri: huyu Pasquale nimtafsiri vipi?

Wakuu, habari zenu. Natayarisha maandishi ya Kiswahili ya filamu moja ya Kiitalia, Bianco, rosso e Verdone ya 1981, niwaonyeshe wadogo zangu Jumamosi. Carlo Verdone ameiongoza na kucheza mwenyewe watu 3 wanaosafiri kwenda kupiga kura.

Aliyenishinda ni Pasquale, mhamiaji anayetoka Munich, Ujerumani, kurudi kwao Matera, kusini mwa Italia, na gari lake jekundu aina ya Alfasud. Karibu njia nzima yuko kimya, ni mikono na macho tu, huku wezi wakimnyofolea gari kidogo kidogo (nacheka mpaka machozi, halafu namwonea huruma). Akifika kwenye kituo cha kura ndipo anapasuka, anamwaga dukuduku lote kwa lahaja nzito ya kusini ambayo hata Waitalia inawapiga chenga.

Sasa nikiiandika kwa Kiswahili sanifu, utamu umekwisha. Nikimpa lafudhi ya kabila fulani la kwetu, nitaonekana nawadhihaki wenyewe. Mke wangu anasema niache pale patupu, watu wamsome usoni.

Mliowahi kutafsiri vichekesho, nyie mngefanyaje?