Diwani ametuuliza soko letu liwekewe nini kwanza, sisi wenyewe hatuelewani. Naombeni ushauri (Moshi)

Tenga_la_Nyanya:
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nauza nyanya na hoho kwenye soko moja hapa Moshi mjini, na wenzangu wamenichagua katibu wa kamati ya soko. Diwani wetu alipita wiki iliyopita akasema madiwani wanajiandaa kupanga vipaumbele vya mji, tumpelekee vya kwetu kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tukakaa kikao, hatukuelewana.

Wa mitumba wanataka jengo la ghorofa lenye fremu. Akina mama wa ndizi wanaoshuka na mikungu kutoka Kibosho na Old Moshi hawataki hata kulisikia: nani atapandisha mkungu ghorofani, na mteja gani atapanda kuufuata? Wa nafaka wanataka sehemu ya kushushia mzigo, magari ya mchele wa Kahe yanaziba njia. Vijana wanataka taa wauze mpaka usiku. Sisi wa mbogamboga kilio chetu ni maji ya mvua, masika yakikolea tunauza tumesimama kwenye tope. Yote ni ya kweli, lakini diwani hawezi kubeba yote. Nianzie wapi, na nifanyeje wenzangu wasione nimewatupa?

Mzee_wa_Rau:
Marahaba mwanangu. Nilikuwa mtendaji wa kata kabla sijastaafu, kwa hiyo nikwambie njia inavyokwenda. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji wa kata ni katibu. Hakikisheni hoja yenu imeandikwa kwenye muhtasari, maana maneno ya kuambiana sokoni yanaishia sokoni. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Huu Oktoba ndio wakati. Mkienda Aprili mmechelewa.

Halafu tenganisheni maombi kwa mwenye mfuko. Barabara za mjini ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, diwani anaweza kuzisemea ila si halmashauri inayozijenga. Mitaro ya ndani ya soko, choo, taa na taka ni vitu ambavyo halmashauri inaweza kuvigusa kwa mapato yake ya ndani. Ghorofa ni fedha kubwa, hutafutwa kwa miaka.

Mangi_Mtumba:
Mzee nakuheshimu, ila tukiomba mtaro tutapewa mtaro, basi. Mji unapanuka na ardhi ya katikati haiongezeki. Tusipolisemea jengo sasa, kesho eneo litapangiwa kitu kingine tusukumwe pembeni, ambako mteja hafiki.

Mtoto_wa_Majengo:
Hofu yako naielewa, Mangi, ila nilikuwa Dar soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021. Wafanyabiashara walihamishwa, na kurudi kulikuwa kwa kuhakikiwa majina. Kwa hiyo kabla hamjataja jengo, andikeni daftari: jina, meza namba ngapi, anauza nini, yupo tangu lini. Mtendaji wa mtaa agonge mhuri. Na muwaandike wanaopanga chini juu ya turubai, hao ndio husahaulika kwanza kwa sababu hawana meza ya kuonyesha. Ombi la jengo liende pamoja na sharti hili: aliyepo kwenye daftari anarudi, na wakati wa ujenzi anaonyeshwa mahali pa kuuzia. Bila sharti hilo mimi nisingeomba jengo.

Mama_Mshare:
Mwanangu katibu, kikao mlikiita saa ngapi? Asubuhi sisi tunashusha ndizi. Ndiyo maana kwenye orodha yako sioni choo. Tunakaa pale kutwa nzima, wengine na watoto mgongoni, choo ni cha kulipia na hakina maji. Kiiteni tena alasiri, mtasikia mengine.

Kijana_Pasua:
Mtu asiwachanganye na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya vikundi, haijengi soko.

Tenga_la_Nyanya:
Asanteni sana. Mama Mshare, umesema kweli, kikao kiliitwa saa tatu asubuhi. Tunarudia Alhamisi saa kumi. Nitapendekeza mtaro na choo chenye maji viwe vya bajeti hii, kwa sababu tope na choo vinamgusa kila mmoja. Taa zifuate. Jengo tuliandike kama ombi la muda mrefu pamoja na sharti la daftari, na daftari tuanze Jumamosi. Mangi, naomba uwe mmoja wa waandikaji. Mzee, swali la mwisho: wataalamu wakiniuliza mtaro unamwaga wapi nijibu nini? Chini yetu kuna nyumba za watu.

Mzee_wa_Rau:
Usijibu wewe. Mwombe diwani amlete mhandisi wa manispaa mvua za vuli zikianza, atembee sokoni maji yakiwa yanapita, na mwenyekiti wa mtaa wa chini awepo. Wakikubaliana papo hapo, andika na tarehe, nakala moja baki nayo.

Mangi_Mtumba:
Jumamosi nipo. Nakuja na daftari la kaunta.