Hivi "nani" wa "haki ya nani" ni nani?

Mjukuu wa Mapipa

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba mnisaidie.

Juzi binti yangu wa miaka saba alikuwa anagombania kifutio na mwenzake kibarazani. Nikamsikia, "Akyanani tena, sijachukua mimi!" Nikamwita, nikamwambia aache kuapa ovyo. Akanitazama, akauliza, "Baba, kwani nani ni nani?" Nikakosa la kumjibu.

Neno lenyewe nimelirithi kwa bibi mzaa mama, aliyenilea Magomeni Mapipa. Alikuwa anauza vitumbua vya mchele, analoweka usiku, alfajiri yuko jikoni. Mteja akikuta vimekwisha, bibi anamtuliza: "Haki ya nani baba, kesho nakuwekea kumi." Mchana kutwa ni haki ya nani. Lakini ole wako wewe mtoto useme "wallahi" mbele yake. Mjomba wangu aliwahi kuitamka kwa ajili ya mpira wa mchangani, akanyimwa chai asubuhi ile. Hakupigwa, hakutukanwa, kikombe chake tu hakikumiminwa.

Sufuria ikimponyoka alisema "Lahaula!" na kuishia hapo. Akiletewa habari ya msiba, "Toba yarabi", kwa sauti ya chini sana.

Haki ya nani imetoka wapi? Na kwa nini mtu wa swala tano kama yeye aitumie hivyo, halafu wallahi aiogope kama moto?

Kobe wa Tandika

Mkuu, hiyo ni "haki ya Mungu". Mtu anafika kwenye jina anakwepa, anaweka "nani", kama tunavyosema "yule nani" jina likitupotea. Ukiitamka haraka inakuwa akyanani. Huku kwetu ipo na akyamama. Ukishaapa kwa mama, ubishi umekwisha, hakuna wa kukuuliza tena.

Mwalimu wa Chuoni

Kobe kapatia asili yake. Naomba nieleze kwa nini bibi alikwepa, maana naona alijua kabisa anachofanya.

Wallahi ni kiapo kamili. Kiarabu kina herufi tatu za kuapia: wau, be na te. Ndiyo sababu mtu anayetaka kufunga milango yote husema wallahi, billahi, tallahi. Ukiapa kwa kukusudia kwamba utafanya jambo, kisha usilifanye, unadaiwa kafara. Ipo katika Suratul Maida, aya ya 89: ulishe maskini kumi chakula cha wastani unachowalisha watu wa nyumbani kwako, au uwavishe, au umwache huru mtumwa. Asiyepata hayo afunge siku tatu. Aya hiyohiyo inasema Mwenyezi Mungu hamshiki mtu kwa viapo vya upuuzi, vile vinavyoponyoka tu mdomoni. Wazee wetu waliijua nafuu hiyo, ila hawakupenda kuchungulia mpaka uko wapi.

Sasa mtazame bibi yako. "Kesho nakuwekea kumi" ni ahadi. Mvua ikipiga usiku, kuni zikalowa, kesho hakuna kitumbua hata kimoja. Angekuwa ameapa wallahi, ana deni kwa Mola wake, na deni hilo analiingia kila asubuhi kwa kila mteja. "Nani" hana uungu, kwa hiyo haki ya nani inabaki kuwa mkazo wa maneno. Haki yenyewe hapo ina ile maana yake ya Kiarabu, ukweli.

Ndugu yangu Kobe, akyamama siiungi mkono. Mtume alikataza watu kuapa kwa wazazi wao.

Lahaula nayo ni kipande. Kauli nzima ni "la haula wala quwwata illa billah", yaani hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Tumezoea kuikata kabla hatujafika kwenye jina. Tazama hapo pia, jina limebaki salama.

Mstaafu wa Bandari

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Mimi Mkristo, na kwetu ni amri: "Usilitaje bure jina la Bwana, Mungu wako", Kutoka 20:7. Mama yangu alikuwa anaitaja tukisema tu "Mungu vile".

Nilipokuwa kazini nilikaa miaka na Mwingereza mmoja, mtu mzima, fundi wa winchi. Kamba ikikatika alisema "blimey!" Siku moja nikamuuliza maana yake. Akanieleza kuwa zamani ilikuwa "God blind me", Mungu na anipofue. Wamemwondoa Mungu mbele, umebaki upofu peke yake. Na "gosh" ni "God" aliyegeuzwa mkia ili asiguswe. Nikamwambia hata watoto wa Temeke wanaapa "nipofuke macho!" Tukakaa kimya kidogo, kila mtu akimfikiria mama yake.

Na "aisee", mnajua kwamba ni ya haohao? "I say", ndivyo Mwingereza alivyoanza kauli akishangaa au akitaka asikilizwe. Dar tuliisikia kwa masikio yetu, tukaiandika kwa midomo yetu, kama Carrier Corps ya wapagazi wa vita kuu ya kwanza ilivyotuzalia Kariakoo. Vijana wengi wanaosema aisee leo wanadhani ni Kiswahili cha mababu, na mimi nasema ni Kiswahili kweli. Imeshakaa.

Muha wa Manzese

Shikamooni wazee wangu. Kwetu Kigoma hatukwepi, tunamwita mama moja kwa moja. Nilipokuja mjini mara ya kwanza niliteleza kwenye ngazi za daraja la Manzese, nikapiga kelele, "Mawe!" Watu wawili waliokuwa mbele yangu wakainama na kufunika vichwa. Mimi nilikuwa namwita mama yangu, ndiyo maana yake kwa Kiha. Msukuma naye utamsikia "mayu!", ni mama huyohuyo. Na mwenye mji akiumia anasema "mama weee!" Sioni tofauti kubwa.

Mjukuu wa Mapipa

Wazee wangu, shikamooni, na wenzangu nawashukuru. Nimemweleza binti kwamba nani ni mtu anayesimama mlangoni ili tusiingie kwa Mungu kwa mambo ya vifutio. Amekubali, sijui kwa muda gani.

Mwalimu, maelezo yako yamenikumbusha jambo ambalo sikulielewa nikiwa mtoto. Bibi ndiye alikuwa anashika hela za upatu wa mtaa. Mwezi mmoja mama mmoja akaja na maneno kwamba zamu yake imepita na hajapewa. Alikuja jioni, watu wamejaa barazani. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akasema taratibu, "Wallahi, billahi, tallahi, hela yako nimekupa mkononi, Ijumaa, baada ya alasiri."

Ndiyo mara pekee niliyowahi kuisikia kinywani mwake. Yule mama alibaki amesimama, kisha akasema, "Basi nilisahau, shoga." Bibi akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.