Tupeane uzoefu: ukiwa kwenye terminali, kihariri chako unakifunguaje?

Wakuu, salaam. Tunaoshinda kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kila mmoja ana mazoea yake, tuyaweke hapa tufaidike.

Naanza. Kihariri changu, yaani programu ya kuandikia mafaili, ni Emacs, na kilichonirahisishia kazi kuliko vyote ni kuiendesha kama seva, yaani inabaki hai nyuma ya pazia ikisubiri kuitwa: `emacs --daemon` mara nikiwasha mashine, basi. Kuanzia hapo naiita tu. `emacsclient -t` inafungua faili humohumo kwenye terminali niliyopo, `emacsclient -c` inaleta dirisha jipya. Utamu wake ni kwamba zote zinaingia seva moja. Faili nililoliacha wazi kwenye dirisha ofisini, nikiingia kwa SSH (njia ya kuingia mashine ya mbali kupitia mtandao) kutoka nyumbani nalikuta lilivyo, hata maandishi ambayo sijayahifadhi. Uwezo huo ulikuja na Emacs 23, mwaka 2009, na mimi naona ni zawadi kubwa. Ukiweka kigezo cha mazingira `ALTERNATE_EDITOR` kikiwa tupu, seva isipokuwepo inaanzishwa yenyewe.

Karibuni.

Mdau, Mwanza
Mkuu, mimi kazi zangu ni seva za mbali, madirisha hayapo kabisa, kwa hiyo ni Vim, kihariri kinachofanya kazi ndani ya terminali. `vim -O` na mafaili mawili yanakaa ubavu kwa ubavu, `-o` moja juu lingine chini, `-p` kila moja na kichupo chake. Kama programu imelalamikia mstari wa 120, naandika `vim +120` na jina la faili, natua palepale. Faili la mipangilio ambalo nataka kulisoma tu nalifungua kwa `-R`.

Mdau, Nairobi
Kihariri changu ni VS Code. Anayeitumia na Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi, inayokufungulia kihariri uandike ujumbe wa mabadiliko) aweke `git config --global core.editor "code --wait"`. Bila hilo `--wait`, amri inarudi papo hapo, Git inadhani umeshamaliza kuandika, inakuta ujumbe mtupu na kusitisha kila kitu. Nimeona vijana wengi kazini wakihangaika na hili wakidhani Git imeharibika. Wa gVim, ile Vim ya dirisha, dawa yenu ni `gvim -f`.

Mwanzisha mada
Umenena, ndugu. `emacsclient` yenyewe inasubiri bila kuambiwa, mpaka ubonyeze `C-x #` (Ctrl na x, kisha #). Usipotaka isubiri, weka `-n`.

Mdau, Zanzibar
Naomba kuuliza: hiyo `-c` nikiitumia kwenye SSH pasipo na skrini ya picha, inakataa?

Mwanzisha mada
Haikatai. Ikishindwa kupata dirisha inafungua kwenye terminali, kama umeandika `-t`.

Mdau, Zanzibar
Shukrani sana. Basi na mimi nichangie: seva zangu nimezipa majina. `emacs --daemon=kazi` ni ya ofisini, nyingine ya maandishi yangu binafsi, halafu naita `emacsclient -s kazi -t`. Mafaili ya mwajiri hayachanganyiki na yangu.