Upepo wa tairi kwenye mchanga

Wakuu, tunavuka jangwa pikipiki tano, kulala ni kwenye mahema. Tairi ni za tyubu. Nishushe upepo hadi ngapi?

— Mchanga laini, psi 15 hadi 18. Ukishuka zaidi bila kibana tairi kwenye rimu, tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu. Nati ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu, iache juu: valvu ikianza kulala utaiona mapema. Ukirudi kwenye mawe, jaza. Pampu ni lazima.

— Na mizigo? Mahema yakirundikwa nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linatangatanga. Maji yakae chini, karibu na kiti. Filta ya hewa safisheni kila jioni.

— Bebeni kibao cha kuwekea stendi, huzama ile.