Hoteli za ufukweni Mwanza, acheni kuficha biashara yenu ndani ya "hobi" ya vijana wenye droni

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi isinivushe mipaka ya adabu. Kuna tabia imeota mizizi hapa Mwanza, hasa katika hoteli na kumbi za ufukweni, kuanzia Capri Point hadi huko Ilemela. Anaitwa kijana mwenye droni yake ya kujifurahishia, anapewa kazi kamili ya kupiga picha za matangazo au za sherehe ya mteja aliyelipia ukumbi, kisha mambo yakiharibika anakanwa mchana kweupe kwamba alikuwa kwenye hobi yake na hoteli haihusiki. Mimi mkate wangu unatokana na ndege nyuki hizi: napima viwanja, nakagua mapaa na minara, na mwisho wa wiki napiga harusi. Kwa hiyo wako watakaosema ninalilia tumbo langu. Ni kweli, tumbo limo, ila someni hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Hoteli moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu madai bado yako mezani, ilinitafuta mwezi uliopita kwa ajili ya harusi iliyokuwa ifanyikie bustanini kwao. Meneja aliniuliza bei, nikamtajia, nikamweleza pia kilichomo ndani ya bei hiyo: bima, muda wa kufuatilia ruhusa kwa kuwa eneo lenyewe haliko mbali na uwanja wa ndege, na msaidizi wa kuangalia anga wakati macho yangu yako kwenye skrini. Akanijibu, "Kaka yangu, hiyo si bei ya kukodi ndege yenye rubani kabisa?" Tukacheka wote wawili. Baada ya siku chache akanipigia kuniarifu kwamba amepata kijana "anayerusha kwa mapenzi tu", ambaye hatalipwa chochote zaidi ya chakula na mafuta ya pikipiki, na kwamba kwa kuwa hakuna malipo, habari ya vibali imekwisha yenyewe.

Siku ya harusi nilikuwepo, kwa sababu mpiga picha aliyekodiwa na familia ni mwenzangu na aliniomba nimshikie kamera ya pili. Saa kumi na moja jioni upepo wa kutoka ziwani ulikuwa bado haujatulia, na mapazia ya hema yalikuwa yanapiga kama matanga ya mtumbwi. Kijana alirusha droni kutoka kando ya meza ya vinywaji, akaishusha hadi karibu na vichwa vya watu, juu ya zulia alilokuwa akipita bibi harusi. Upepo wa mapangaboi ukanyanyua shela, mpambe akakimbilia kuikamata, na mshereheshaji, badala ya kusema chombo kile kiondolewe pale, akawahimiza wageni wapunge mikono juu. Kisha kijana akaipeleka ziwani ili arudi na picha ya bustani nzima ikionekana kutoka majini.

Wanaofanya kazi hii wanajua kilichofuata hata kabla sijakisimulia. Droni inayoruka chini chini juu ya maji haipaswi kutegemea kamera zake za tumboni, kwa sababu kamera hizo hushikilia mahali kwa kusoma alama za ardhini, na uso wa maji unaocheza hauna alama ya kudumu. Ikaanza kuyumba, kijana akaharakisha kuirudisha huku betri ikipiga kelele, ikanasa kwenye kamba ya taa za mapambo na kuangukia meza ya akina mama wa upande wa bibi harusi. Mama mmoja alijikinga uso kwa mkono, na pangaboi moja likamchana kiganja mpaka akashonwa nyuzi. Lingekuwa jicho, uzi huu ungekuwa na lugha nyingine.

Wazee wa familia walipomwita meneja, alisimama mbele yao na kusema, "Yule kijana hatukumwajiri wala hatukumlipa. Alikuja kufanya hobi yake." Jibu hilo lingeniuma kidogo na kuniishia, kama wiki hiyohiyo picha zilizopigwa kabla ya ajali zisingepandishwa kwenye ukurasa wa hoteli, zikiwa na namba ya simu ya kuhifadhi ukumbi na maneno ya kuwakaribisha maharusi wa msimu ujao. Nilimtafuta kijana. Aliniamkia kwa heshima, akanifungulia simu yake na kunionyesha ujumbe wa meneja wenye orodha ya picha zinazotakiwa: lango kuu, bwawa la kuogelea, maegesho yakiwa yamejaa, bibi harusi akiingia, bustani kutoka ziwani. "Kaka, waliniambia nije nijifurahishe tu," akasema, "na mwisho nikawaachia memori kadi."

Mtu wa hobi haandikiwi orodha. Anayejifurahisha huchagua mwenyewe arushe nini, saa ngapi na mahali gani, na upepo ukizidi hufungasha vitu vyake akarudi nyumbani, kwa sababu hakuna anayemsubiri. Kijana yule hakuweza kuahirisha hata alipoona mapazia yanapiga, kwa kuwa ratiba ya sherehe haikuwa yake na aliyemtuma alikuwa amesimama nyuma yake. Mpaka kati ya kujifurahisha na kufanya kazi uko hapo, katika swali la nani ameomba safari ile ya angani ifanyike na kwa manufaa ya nani. Fedha ni ushahidi mmojawapo tu, na kukosekana kwake hakuthibitishi lolote.

Wala hili si wazo nililolibuni kwa sababu nimenyimwa kazi. Nchini Marekani, ambako vijana wetu hupenda kutolea mifano, kanuni za droni za kazi zinazojulikana kama Part 107 zilianza kutumika Agosti 2016, na sheria ya mwaka 2018 iliacha mlango wa pembeni kwa wale tu wanaorusha kwa kujifurahisha na si kwa jambo lingine. Mamlaka ya anga ya huko inaeleza waziwazi kwamba kupiga picha za nyumba ili iuzwe, au kukagua paa la mtu, si hobi, na kwamba hata kazi ya kujitolea isiyo na ujira haimo katika hobi. Utaratibu wao unafika mpaka kwenye uzito: droni isiyofika gramu 250 haihitaji kusajiliwa ikirushwa kwa kujifurahisha, ila siku inaporushwa kwa kazi, droni hiyohiyo, mikononi mwa mtu huyohuyo, inatakiwa isajiliwe na mrushaji awe na cheti. Kwa hiyo ile hoja ya "kaka, ni kadroni kadogo tu" nayo haina miguu.

Nakiri kwamba hata wao hawakufika hapo kwa siku moja. Mrushaji droni mmoja, Raphael Pirker, alirusha chombo chake katika Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2011, akatozwa faini ya dola 10,000 kwa urushaji wa hatari, na mamlaka ikataja pia kwamba alikuwa analipwa. Machi 2014 jaji aliifuta faini, Novemba mwaka huohuo bodi ya usalama wa usafiri ikaitengua hukumu ya jaji, na Januari 2015 wakamalizana kwa dola 1,100 bila yeye kukiri kosa. Mwaka 2015 pia kuna mtu wa Florida aliyeandikiwa barua kwamba video zake za YouTube, kwa kuwa zilikuwa na matangazo, zilimfanya awe mrushaji wa kibiashara. Barua ile iliwakera wengi, nami naona ilikuwa imepitiliza. Aliyerusha droni kwa raha zake jioni akapata picha nzuri, kisha baadaye akaiweka mtandaoni au hata akaiuza, hajageuka kuwa kampuni kwa kurudi nyuma. Mwaka huohuo mamlaka hiyo ilitoa ufafanuzi unaoangalia nia ya mrushaji wakati chombo kinapaa, na hapo nakubaliana nao kabisa. Vijana mnaopiga machweo pale kwenye Jiwe la Bismarck, sina neno nanyi.

Ulaya wamekwenda njia nyingine ambayo, kwa tukio kama hili letu, ingemfunga mdomo meneja mapema zaidi. Tangu tarehe 31 Desemba 2020 kanuni za Umoja wa Ulaya hazitenganishi tena hobi na biashara, bali zinapima hatari: uzito wa chombo, kimo, na ukaribu wake na watu. Katika kundi la kawaida lisilohitaji kibali maalumu, kimo cha juu ni mita 120 na ni marufuku kupita juu ya mkusanyiko wa watu, uwe umelipwa mamilioni au umelipwa sahani ya pilau. Meneja angesema nini hapo? Kiganja cha yule mama hakikuuliza kama pangaboi lilikuwa la hobi au la biashara.

Kwetu Tanzania zipo kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kabla ya hapo kuna idhini ya Wizara ya Ulinzi. Ni mlolongo, nao haumwachi mtu nje kwa sababu tu anasema anajifurahisha. Wenzangu walioupitia wanajua ulivyo kwa mtu aliye huku Kanda ya Ziwa. Nimeupitia na sijutii, kwa sababu naona ndege za abiria zinavyoshuka juu ya maji kuelekea uwanja wetu wa Ilemela, na sitaki siku moja kitu changu kiwe mbele ya mojawapo. Kinachonichoma ni kwamba hoteli ile inazijua kanuni hizi vizuri, kwani niliwaeleza mwenyewe. Walichofanya ni kutafuta mtu asiyezijua, ambaye kutokujua kwake kunawapunguzia gharama. Na kwa kuwa wamezoea, mtawasikia pia wakiwaahidi wageni picha za angani za kisiwa cha Saanane, kana kwamba ile si hifadhi ya taifa yenye wenyewe wa kuombwa.

Najua jibu litakaloandikwa hapa chini kabla dakika tano hazijapita: "Mkuu, waache vijana wajiajiri." Sawa, wajiajiri. Ila kijana huyu hajajiajiri. Amefanyishwa kazi bure, hana mkataba, hana bima, na ajali ilipotokea akaachiwa mzigo wote peke yake. Kama kazi yake ilikuwa na thamani ya kupandishwa kwenye ukurasa wa hoteli, ilikuwa na thamani ya kulipiwa, na malipo hayo ndiyo yangemsaidia kuanza safari ya vibali. Kila hoteli inayopata picha kwa sahani ya pilau inamfundisha kijana mwingine kwamba vibali ni vya wajinga, na inamfundisha mteja mwingine kwamba sisi tuliofuata utaratibu ni walanguzi.

Tena mji huu si mgeni wa droni za kazi kiasi cha watu kujifanya hawaelewi tofauti. Mwaka 2018 hapahapa Mwanza kulifanyika tukio la droni lililoitwa Lake Victoria Challenge, droni zikiruka kwenda kisiwa cha Juma, na mwaka huohuo yakatangazwa majaribio yaliyopeleka dawa Ukerewe kwa ndege nyuki, safari ya kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati kwa njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na saa sita hivi. Dawa zile hazikuwa zinauzwa na droni, lakini hakuna aliyethubutu kuita zile hobi. Kulikuwa na aliyetuma, kulikuwa na mpokeaji, na kulikuwa na wa kuwajibika endapo chombo kingeanguka.

Ninachokitaka hakihitaji kanuni mpya. Hoteli au ukumbi unaoruhusu droni kwenye sherehe uandike kwenye mkataba wa mteja ni nani anarusha, kwa kibali gani na bima ya nani, na aliyetoa orodha ya picha ahesabike kuwa ndiye mwenye kazi, awe ametoa fedha au hakutoa. Familia zinazopanga harusi nazo ziulize maswali hayo kabla ya kulipa kianzio, kwa sababu baada ya ajali kila mtu hugeuka kuwa mpita njia. Na ninyi vijana, mtu akiwaambia mje mjifurahishe kisha akawatumia orodha, mjibuni kwa bei, na ujumbe wake msiufute.

Yule mama amerudi kwenye biashara yake ya dagaa akiwa anatumia mkono mmoja. Hoteli imeiambia familia imdai kijana, na kijana ametangaza kuuza hiyo droni, mbovu kama ilivyo, ili apate cha kupeleka. Familia imekataa kupokea fedha yake, na badala yake imeandika barua ya madai kwa hoteli, ikiwa imeambatanishwa na orodha ya meneja pamoja na picha za ukurasani zenye tarehe. Barua ilipokelewa mapokezi na kugongwa muhuri Jumatatu. Wamepewa siku 14, na jibu lolote watakalotoa nitaliweka kwenye uzi huu neno kwa neno.