Mjadala: Wasaka mizimu wa Masoko, wakeshe au wazuiwe?

Mtoto wa Uyole: Wakuu, kuna video inazunguka ya vijana waliokesha ziwa Masoko, Rungwe, wakitafuta mizimu kwa simu. Sasa wazee wa kijiji wanataka mtu asiingie usiku bila kibali chao. Mimi nasema ziwa ni la umma. Na safari hii ushahidi upo: programu ya kupima sumaku ilisoma 33, wakasogea hatua mbili ikaruka hadi 90, na picha zikatoka na duara nyeupe. Yale majini yanayolinda hela zinazosemekana Wajerumani walizitupa ziwani si hadithi tena.

Fundi Soweto: Hiyo 33 ni maikrotesla, yaani kizio cha kupimia sumaku, na ndiyo sumaku ya kawaida ya dunia huku kwetu. Rungwe ni volkano, mawe yake meusi yana chuma, ukilaza simu juu yake lazima iruke. Vua kava, mengi yana kisumaku cha kufungia. Izungushe simu hewani kama unaandika namba 8 mpaka ijisawazishe. Iweke juu ya kigoda kisicho na msumari, pima kila nusu mita, andika. Rudia palepale saa sita mchana. Namba zikija zilezile, umepima jiwe.

Mama Tukuyu: Mwanangu wa Uyole, majini umeyatoa wapi? Hayo ni ya pwani. Rungwe tuna abasyuka, wazee wetu waliotangulia, nao hawana kazi ya kulinda hela za Mjerumani. Kule Lubaga, kwa Lwembe, mkuu wetu wa kale wa matambiko, watu walikwenda kuomba mvua. Ukimwita babu wa mwenzio jini, usishangae ukifungiwa njia.

Mtoto wa Uyole: Shikamoo mama. Sijatukana mtu, ndivyo wanavyosema kwenye video.

Mama Tukuyu: Marahaba. Wanaosema hivyo si wa Masoko.

Kamwene Kalenga: Masoko mnajichosha. Njooni Iringa mjini, Gangilonga, kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Na heshima anayodai mama ni kweli: fuvu la Mkwawa liliporudi 1953 lilipokelewa kama mtu, si kama kifaa cha maonyesho.

Fundi Soweto: Ni 1954 kaka. Lilitoka Bremen, likaja Kalenga.

Kamwene Kalenga: Mwaka mmoja ndio umeona, jiwe hukuliona?

Fundi Soweto: Jiwe nimeliona. Anayetaka kurekodi pale aweke vinasa sauti vitatu, mita 20 kati ya kimoja na kingine, kila maiki ivalishwe sponji. Azime ile sehemu inayojiongezea sauti yenyewe, maana kukiwa kimya inavuta mvumo wa mji mpaka unafanana na mnong'ono. Mtu akikohoa aseme papo hapo "nimekohoa mimi". Kusikiliza, wape watu watatu kila mmoja peke yake, bila kuwadokeza neno. Ukishamwambia "sikia, anasema ondokeni", atasikia ondokeni. Jua likizama mwamba unapoa na kusinyaa, unaweza kutoa mlio kama wa kitu kinachopasuka, kwa hiyo saa za kwanza za usiku zirekodi lakini usizitegemee.

Mkulima wa Busokelo: Mnabishana sauti, wakati kitakachoua hao vijana ni hewa. Rungwe kuna mabonde madogo yanayotoa hewa ukaa kutoka ardhini. Pale Ikama, hukuhuku Rungwe, wanaivuna kiwandani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama shimoni kama maji. Ukikuta ndege na panya wamekufa shimoni bila jeraha, wengine watasema mizimu.

Mtoto wa Uyole: Si wabebe mshumaa tu? Ukizimika wanarudi.

Mkulima wa Busokelo: Usiwaue watoto wa watu! Mshumaa unaweza kuwaka vizuri penye asilimia 5 ya hewa ukaa, na hapo binadamu tayari anahema na kichwa kinagonga. Ikifika 10 anapoteza fahamu kwa dakika chache. Mtu amesimama hana neno, akiinama kufunga kamba ya kiatu anaingiza uso ndani yake. Haina rangi, na pua usiitegemee. Mbaya zaidi ni usiku usio na upepo mpaka alfajiri, saa zilezile za kusaka mizimu. Hema lisimame mgongoni mwa kilima, si shimoni, hata kama shimoni hakuna baridi. Wabebe kipimo cha hewa ukaa chenye kengele, wakishushe kwa kamba mpaka usawa wa goti kabla mguu haujashuka. Na mwenzako akianguka usimfuate, mtakuwa wawili. Mvute kwa kamba, ndiyo maana inafungwa kiunoni kabla ya kushuka.

Mtoto wa Uyole: Basi wazee waseme hewa! Wakisema mizimu kijana ndiyo kwanza anakwenda.

Mama Tukuyu: Tunasema usilale pale. Mwenye adabu anauliza ni wapi, anaonyeshwa. Kibali ndicho hicho.

Mkulima wa Busokelo: Mama, waonyesheni hata wasiouliza. Pigeni vigingi, pakeni chokaa.

Mtoto wa Uyole: Na zile duara nyeupe?

Fundi Soweto: Ukungu na vumbi mbele ya lenzi. Flashi ya simu imekaa kando ya lenzi, inamulika tone lililo karibu, nalo linatoka limevimba. Zima flashi, mwenzako ashike tochi mita mbili pembeni, upige tena.

Kamwene Kalenga: Gangilonga bado hamjanijibu.