Ubungo hadi Chamazi, mechi ya saa 1 usiku: nipande nini?

Wakuu, naenda kuangalia mechi uwanja wa Azam Complex, Chamazi, hapa Dar. Natokea Ubungo. Nitoke saa ngapi, na kurudi je?

Jibu 1
Mkuu, panda daladala ya Mbagala inayopita Barabara ya Mandela: Buguruni, Tazara, Uhasibu, kisha Barabara ya Kilwa. Shuka Rangi Tatu, chukua gari la Mbande, linapita Chamazi. Mwambie konda "uwanjani" kabla hujakaa. Saa 9 alasiri uwe kituoni. Ukichelewa, pale Tazara mataa yatakumaliza.

Jibu 2
Kwenda si kazi, kazi kurudi. Uwanja unaingiza watu kama 10,000 na wote wanamwagikia barabara moja. Filimbi ya mwisho hulia karibu saa 3, na muda huo daladala za kuunganisha zimeshapungua. Patana na bodaboda mapema, akusubiri mbali kidogo na geti, si mlangoni. Akupeleke Rangi Tatu tu. Hadi Ubungo atakukamua.

Muulizaji
Nikitoka dakika ya 80?

Jibu 2
Utapata siti. Goli utalisikia ukiwa kwenye gari.